Kopo la Kitalu cha Mwisho

Jumanne, 2 Juni

Daftari la zamani limeloa ndani ya begi, kwa hiyo naanza na hili jipya kana kwamba halinijui. Nimerudi na tope hadi magotini na sina hamu ya kuandika, lakini nisipoandika nitamtukana mtu.

Leo nimekuta matundu tisa yaliyochomwa sindano katika kitalu cha nne. Tisa! Msimu mzima uliopita nimewaeleza wakulima hawa, kwa mdomo, kwa karatasi, kwa kuchora ardhini na kijiti: tundu la mpira wa kumwagilia kwa matone likiziba, niite mimi fundi, au lifinye kwa vidole litoe uchafu wake. Ukilichoma sindano halitoi tena tone, linakojoa. Na hayo maji linayoyamwaga pale ni ya mtu aliye mbele yake kwenye laini.

Shamba letu la ushirika lina vitalu kumi na viwili, kila kimoja na mwenyewe, vyote vinakunywa kwenye pampu moja. Msimu huu wote wamepanda hoho. Kitalu cha kwanza kiko jirani na pampu. Cha kumi na mbili kiko mwisho kabisa, kwenye mwinuko kidogo, karibu na uzio, na hicho ni cha Mama Mkubwa, dada yake marehemu mama yangu, aliyenilea na ambaye naishi naye hadi leo. Mimi nahudumia mashamba matatu. Hapa kwetu ni Jumanne na Ijumaa. Siku nyingine niko kwa wengine, nikigombana na wengine.

Mtunza pampu tunamwita Redio, kwa kuwa hasemi kidogo na hazimiki. Nimemkuta ametundika koti lake juu ya ratiba yangu. Ratiba niliyoipiga mistari kwa rula na kuitia ndani ya plastiki: vitalu vitatu kwa zamu, zamu nne, kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri.

"Mzee, ukuta wote huu, koti lazima liwe hapo?"

"Msumari uko hapo, Fundi. Mimi sikuupigilia."

Nikalitoa, nikalitundika kwenye mpini wa jembe.

Ijumaa, 5 Juni

Nimepima kitalu cha Mama Mkubwa. Tangu msimu uliopita analalamika kwamba maji hayamfikii, na msimu uliopita alivuna makreti machache kuliko wote. Sheria ya ushirika ni kwamba ukivuna chini ya nusu ya wenzako misimu miwili mfululizo, kitalu kinakwenda kwa anayesubiri. Anayesubiri, juu kabisa kwenye orodha, ni shemeji yake Mwenyekiti. Huyo wote tunamwita Shemeji, hata wasiokuwa na undugu naye.

Kwa hiyo nilipima kwa makini. Nilimwambia Redio afungue kitalu cha kumi na mbili peke yake ili nisichanganyikiwe, nikatega vikopo kumi na sita chini ya matundu, mwanzo wa mpira, katikati na mwisho, dakika kumi nikitazama saa. Kila kikopo nikakimimina kwenye chombo cha kupimia. Nikapata usawa, yaani namna matundu yanavyolingana kwa maji, wa tisini na moja kwa mia. Tisini na moja! Kuna mashamba ya watu wenye pesa zao hawafiki hapo.

Nikamwonyesha Mama Mkubwa karatasi. Akaitazama, akatazama miche yake iliyonywea, akasema, "Leo yamekuja kwa sababu umekuja wewe."

"Maji hayanijui mimi, Mama."

"Basi rudi kesho."

Kesho! Kesho niko shamba la pili, na anajua. Nilipandwa na hasira nikaandika ripoti hapo hapo juu ya goti: mfumo uko sawa, tatizo si maji. Nikatia sahihi na kumpelekea Mwenyekiti.

Jumatano, 10 Juni

Upepo na vumbi. Sina la kuandika.

Jumanne, 16 Juni

Nimesafisha kichujio kikubwa. Koti limerudi msumarini. Nimelitoa.

Ijumaa, 19 Juni

Koti. Nimelitoa. Redio anatazama saa yake kila mara kama bwana harusi anayechelewa. Nikamuuliza ana haraka ya kwenda wapi, akasema hana haraka ila Jumanne na Ijumaa huwa ndefu. Mtu analipwa kukaa kivulini na kuzungusha koki, bado analalamika!

Jumapili, 21 Juni

Ugomvi wa beseni. Visahani vya kichujio vilikuwa na ute wa kijani, nikavilowesha kwenye siki jikoni usiku kucha. Kumbe beseni nililochukua ni la kuoshea vyombo. Mama Mkubwa amelikuta asubuhi.

"Hapa ndipo tunapooshea vikombe vya kunywea," alisema.

"Nitalisugua."

"Utalisugua na harufu utaitoa kwa nini, kwa kipimo chako?"

Nikalisugua kwa mchanga, kwa sabuni, kwa hasira. Bado linanuka siki. Tumekunywa chai bila kutazamana, meza yenyewe haizidi urefu wa mkono. Kila nikisema neno anajibu kwa "mh". Kuna "mh" ya ndiyo, kuna "mh" ya hapana, na kuna hii yake ya sasa, ambayo ni kama mlango unaofungwa taratibu.

Ijumaa, 26 Juni

Sasa anatega makopo! Mwisho wa mstari wa mwisho, baada ya mche wa mwisho kabisa, amefukia kopo la rangi la lita mbili chini ya tundu. Nilijikwaa nalo nikiwa na mfuko wa viungio vya mipira mikononi, vyote vikamwagika kwenye vumbi. Nikauliza hili ni la nini. Akasema, "Na mimi napima."

Kwenye shamba zima hakuna aliyenifedhehesha namna hiyo. Mimi nimekaa darasani mwaka mzima kujifunza kupima, yeye anapima kwa kopo lenye kutu ambalo bado lina rangi ya bluu ya dirisha letu. Nililipiga teke. Sikukusudia lifike mbali, lakini lilifika kwenye uzio. Alilifuata, akalipangusa kwa kanga yake, akalirudisha mahali pake, akalikandamizia udongo kwa mguu. Ningependa angenitukana.

Jumanne, 30 Juni

Jua kali. Koti msumarini. Nimelitoa.

Jumanne, 7 Julai

Matundu saba kwenye kitalu cha kumi na mbili yamechomwa sindano. Kitalu chetu! Nimepima tena kama nilivyopima mwanzo, usawa umeshuka hadi sabini na nane. Nilikwenda nyumbani moja kwa moja na kipande cha mpira mkononi. Nilimkuta jikoni akichambua maharage.

"Nani katoboa?"

"Mimi," alisema, bila hata kuinua macho.

"Mama! Wewe? Mimi nawasema watu huko nje kwa ajili ya sindano, kumbe sindano iko nyumbani kwangu?"

"Kwangu," alisema. "Nyumba hii ni yangu. Na nimetoboa, ndiyo. Nilikuambia mwezi mzima. Ungekuwa wewe, miche inakauka mbele ya macho yako, usingetoboa?"

"Ningemwita fundi!"

Hapo ndipo aliponitazama. "Nilimwita," alisema, kisha akarudi kwenye maharage yake.

Nilitoka nikaubamiza mlango. Ni mtu mzima, ana ukaidi wa jiwe. Amechoka kulima na hataki kukiri kwamba amechoka. Ndivyo wanavyosema wenzake pembeni, na leo na mimi nimesema, ingawa ni kwa daftari.

Jumamosi, 11 Julai

Nimefanya nilichofanya, na ninaandika nikiwa bado nimewaka.

Mkutano ulikuwa kwenye banda la kupakia, sote tumekaa juu ya makreti yaliyopinduliwa. Mwenyekiti akasema kitalu cha kumi na mbili kinaonekana vibaya msimu wa pili huu, hajui tatizo ni mkulima au ni maji, basi fundi aeleze. Wote wakanigeukia. Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kusema naomba muda nichunguze tena. Lakini Shemeji alikuwa amekaa mbele, akitabasamu, akasema, "Fundi atasema nini, si mtoto wa nyumba hiyo?" Moto ukanipanda kichwani. Sikutaka mtu yeyote aseme kwamba ninapima kwa undugu.

Nikasimama. Nikasoma tisini na moja. Nikasoma sabini na nane. Nikaonyesha kipande cha mpira chenye tundu la sindano, nikakipitisha mkono kwa mkono. Nikasema mfumo ulikuwa mzima, ulioharibika umeharibiwa na mkulima mwenyewe, na kwamba sindano ni sindano hata ikiwa ya mama yangu. Niliyasema hayo. Mbele ya watu. Kuna mtu alicheka.

Mama Mkubwa alikuwa amekaa nyuma, mikono mapajani. Mwenyekiti akamuuliza kama ana la kusema.

"Nina moja," alisema. "Aje siku ambayo hayupo."

Banda zima likaangua kicheko. Aje siku ambayo hayupo! Hata mimi niliona ni maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Aliyecheka kidogo ni mwenye kitalu cha kumi na moja, naye aliinama haraka akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Wameandika: tathmini ya mwisho Jumamosi tarehe 29 Agosti, katikati ya mavuno. Makreti yakiwa chini ya nusu, kitalu kinabadilisha mikono.

Jumapili, 12 Julai

Hasemi nami.

Jumatatu, 13 Julai

Hasemi nami. Amepika, ameniwekea sahani, ameifunika kwa sahani nyingine kama kawaida. Hasira yangu imeshindwa pa kukaa.

Jumanne, 14 Julai

Nimebadilisha vipande vyote saba vya mpira vyenye matundu ya sindano. Alinishikia spana. Akanipa, nikampa, kama watu wasiojuana walio kwenye foleni. Koti msumarini. Leo sikulitoa, sikuwa na nguvu ya kugombana na koti.

Ijumaa, 24 Julai

Baridi ya asubuhi. Geji ya presha inasoma vizuri. Kila kitu kinasoma vizuri. Sijui kwa nini nalala vibaya.

Jumanne, 4 Agosti

Mavuno yameanza. Kitalu cha kwanza hoho zake ni kubwa kama ngumi, mwenyewe anaimba. Za Mama Mkubwa zinajaa kiganja kimoja mbili mbili, na chini zina doa jeusi la kuoza. Kuna mtu alipita akasema, "Zako ni za mapambo, mama." Nilimtukana mtu huyo kwa sauti hadi Redio akapunguza sauti yake. Mama Mkubwa alinishika kiwiko tu, kama alivyokuwa akinishika nikiwa mdogo nikitaka kurusha jiwe.

Ijumaa, 14 Agosti

Makreti kitalu cha kwanza: thelathini na mawili. Cha sita: ishirini na tisa. Cha kumi na mbili: manane. Shemeji alikuja leo na kamba kupima upana wa kitalu chetu. Kwa kamba! Mama Mkubwa mwenyewe akiwa ndani, anachuma! Nikamfuata hadi getini nikimwambia yote niliyokuwa nayo kifuani. Akanijibu kwa upole, na huo upole ndio ulioniua: "Fundi, si wewe uliyesema maji yapo?"

Jumatano, 19 Agosti

Niandike taratibu.

Leo nilipaswa kuwa shamba la pili. Nilifika nikakuta injini ya pampu yao imeungua, wakaniambia nirudi Alhamisi ya wiki ijayo. Nikageuza. Kufika shambani kwetu ilikuwa saa nne kasoro. Mama Mkubwa alikuwa amekwenda zahanati kupimwa presha yake. Nilikuwa bado na hasira ya Shemeji na ya kila mtu, nikasema leo naling'oa lile kopo la rangi, naondoa angalau aibu moja.

Nikaling'oa. Nikalimwaga. Ndipo nikaona ndani yake.

Ameweka alama kwa msumari, ndani ya kopo, kuanzia juu hadi chini, safu baada ya safu kuzunguka. Kila siku alama moja pale maji yalipofika, na juu ya kila safu nukta ya kuhesabia wiki. Alama moja iko chini, kimo cha vidole viwili. Ya pili iko juu, karibu na ukingo. Kisha mbili chini. Kisha moja juu. Kisha moja chini. Wiki inayofuata hivyo hivyo. Na inayofuata. Nikahesabu kwa kidole, Jumatatu chini, Jumanne juu, Jumatano chini, Alhamisi chini, Ijumaa juu, Jumamosi chini. Nikahesabu tena nikitumaini nimekosea.

Jumanne na Ijumaa. Siku zangu.

Nilitazama tundu la mwisho juu ya shimo nilipoling'oa kopo. Lilikusanya tone, likalishikilia, likafikiria, likaliachia. Nikahesabu sekunde kumi na tano hadi la pili.

Nilikimbia hadi kwenye chumba cha pampu, kopo mkononi. Nje, koki zote kumi na mbili zilikuwa wazi. Zote. Geji niliyozoea kuisoma Jumanne na Ijumaa ilikuwa imelala chini kabisa. Redio alikuwa anakula mkate, miguu juu ya ndoo. Koti lilikuwa msumarini.

"Nani kafungua zote?"

Alishangaa kuniona, lakini hakuogopa. "Mimi. Kama kila siku."

"Kila siku?"

"Si Jumanne na Ijumaa. Ukija wewe unaniambia nifungulie hiki, nifungulie kile, nafuata zamu zako mpaka saa tisa. Ukiondoka tunarudi kwenye zetu. Nafungua zote saa mbili, saa tano nafunga, naenda zangu."

"Na ratiba?"

"Ratiba!" Akaweka mkate chini. "Fundi, nilijaribu ratiba yako wiki mbili mwaka jana. Wa zamu ya kwanza anafurahi. Wa zamu ya mwisho anakuja hapa na jembe ananiambia nimempendelea mwingine, jua limeshapanda, yeye anapewa maji ya mchana. Mmoja alitupa ndoo yangu mtoni. Nikifungua zote kwa pamoja hakuna anayenitukana. Isipokuwa mama yako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Kila ukija unaniuliza koti."

Nilikaa juu ya ndoo nyingine. Pampu ile ina nguvu za vitalu vitatu. Ukiipa kumi na viwili, vya karibu vinakunywa hadi vinatapika, vya mwisho vinalamba. Kila fundi anajua. Mimi najua! Na mimi ndiye niliyefunga koki kumi na moja ili nipime vizuri kitalu cha kumi na mbili, nikapima maji ambayo hakuna mkulima wa kule mwisho aliyewahi kuyapata nisipokuwepo. Aje siku ambayo hayupo. Alikuwa amenieleza jambo lote kwa maneno manne, na nikaungana na waliocheka.

Alhamisi, 20 Agosti

Nilimwambia jana jioni, nikiwa nimesimama mlangoni mwa jikoni, kopo mikononi. Nilimwambia yote. Alikuwa anaosha vikombe kwenye lile beseni.

"Mh," alisema. Hii sikuitambua.

"Mama, nisamehe."

"Maliza kwanza. Msamaha haujazi kreti." Akanipokonya kopo, akalisuuza, akaligeuza juu ya kitambaa likauke.

Leo nimekwenda kwa Mwenyekiti. Nilikwenda na makucha nje, nikidhani nitamkuta amepanga yote na shemeji yake. Hakuwa amepanga kitu. Alinisikiliza, akafungua faili, akatoa ripoti yangu ya Juni, akaigeuza inielekee.

"Mimi si fundi," alisema. "Mama alikuja kwangu mara tatu. Kila mara nilifungua hii karatasi. Sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Sasa ukisimama mbele ya watu useme hukupima sawasawa, yale mashamba mengine mawili yatasikia. Umelifikiria hilo? Tunaweza kusema tu kwamba mtunza pampu alizembea. Yeye hana cheti cha kupoteza."

Nililifikiria muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika hapa. Lilikuwa jambo rahisi. Nimemchukia Redio msimu mzima, ningeweza kumaliza kazi niliyoianza. Kisha nikaona kwamba hicho hicho ndicho nilichomfanyia Mama Mkubwa: nilitafuta mwenye makosa aliye mbali zaidi nami nikamwonyesha kidole. Nikasema hapana, na nikatoka kabla sijabadilisha nia.

Jumanne, 25 Agosti

Hoho za kitalu chetu zinaendelea kudondosha maua. Hata maji yakija sasa, yamechelewa. Nimekula kwa kusukumiza.

Jumamosi, 29 Agosti

Mkutano ulikuwa saa tatu asubuhi, pampu inanguruma, koki zote wazi kama kawaida yao, kwa kuwa bila uamuzi wa mkutano hakuna anayekubali zamu. Mwenyekiti akasoma makreti. Wastani wa shamba thelathini. Kitalu cha kumi na mbili, kumi na moja. Shemeji alikuwa amevaa viatu vipya vya shamba.

Nikainua mkono. Nilisema kipimo changu cha Juni hakifai, nilipima kitalu kimoja nikiwa nimefunga vingine vyote, na hivyo sivyo shamba hili linavyomwagiliwa. Nilisema kosa ni langu, si la mtunza pampu wala la mkulima.

Kukawa na minong'ono. Shemeji akasimama. "Jamani, Julai fundi huyu huyu alisema maji yapo. Leo anasema hayapo. Na ni mama yake. Tumwamini fundi yupi?"

Nilitaka kumrukia, na alikuwa amesema kweli.

Mama Mkubwa ndiye aliyesimama. "Msimwamini hata mmoja," alisema. "Mmekuja na vikombe vyenu vya chai. Kila mtu aende na kikombe chake mwisho wa kitalu chake, akitege chini ya tundu la mwisho. Redio, gonga bomba tuanze. Ukigonga tena turudi navyo hapa."

Watu walitazamana. Ni jambo dogo, mtu atakataaje? Wakaenda, wengine wakicheka. Redio akagonga bomba kwa spana. Dakika ishirini tulikaa, Mwenyekiti, Shemeji, Redio na mimi, tukisikiliza pampu. Redio hakusema neno, nadhani ni mara ya kwanza maishani mwake. Kisha akagonga tena.

Walirudi wakitembea kwa uangalifu, mikono yote miwili kwenye kikombe, kama watoto waliotumwa maziwa. Mama Mkubwa akawapanga mezani kwa namba. Cha kwanza kilikuwa kimejaa pomoni, kimemlowesha mwenyewe mkono. Cha pili na cha tatu vimejaa. Cha tano kimepungua kidole. Cha saba nusu. Cha tisa robo. Kufika hapo hakuna aliyekuwa anacheka. Mwenye kitalu cha kumi na moja aliweka chake bila kumtazama mtu, akasema chinichini, "Na mimi nilijua. Niliogopa kupoteza changu."

Mama Mkubwa akaja wa mwisho, kwa kuwa njia yake ndiyo ndefu. Akakishusha kikombe chake kwenye ncha ya mstari. Sote tuliinama kuchungulia. Chini kulikuwa na maji ya kulowesha ulimi.

Alikinyanyua, akayanywa. Funda moja. Akakigeuza kikombe juu chini mezani.

"Nimemaliza," alisema. "Haya, nani anakitaka kitalu changu?"

Pampu ilinguruma. Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake vipya. Mama Mkubwa aliwapitia mmoja mmoja kwa macho, bila haraka, hadi akanifikia mimi, na hapo akakaa muda mrefu zaidi.

Hakuna aliyeinua mkono. Wameamua misimu hii miwili isihesabiwe kwa vitalu vitatu vya mwisho, na zamu zianze Jumatatu, kitalu cha kumi na mbili kikitangulia. Watagombana, najua. Redio alichukua koleo, akang'oa msumari, akauweka mfukoni mwa koti lake.

Jumapili, 30 Agosti

Hoho hazirudi. Makreti kumi na moja ni kumi na moja, na bado nina hasira, ila sasa najua inakoelekea na sina pa kuikimbilia.

Leo nimeandika ripoti mpya ya kuweka kwenye faili juu ya ile ya Juni. Niliandikia mezani jikoni, Mama Mkubwa akiwa upande wa pili na miwani yake. Niliandika kwamba kipimo cha tarehe 5 Juni si sahihi, nikaeleza sababu, nikaweka vipimo vya vikombe vyote kumi na viwili, na alama za kopo la rangi wiki kwa wiki. Nikatia sahihi. Nikamsogezea.

Alisoma yote, kidole kikifuata mstari. Kisha akanirudishia karatasi, akanipa na kalamu.

"Haijaisha," alisema. "Ongeza: nilikuwa nimeambiwa."

Nikaongeza.